Kwanza Hesabu Uchovu Ulio Nao: Ushauri kwa Wakimbiaji wa Ufipa

Mtu anayeshuka kwenye basi Sumbawanga kwa mara ya kwanza, akitokea Dar es Salaam au Tanga, hupokewa na baridi. Kesho yake, akipanda kilima kidogo tu na begi mgongoni, hugundua jambo la pili: pumzi haitoshi. Mji huu wa uwanda wa Ufipa uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani inavuka mita 2,000. Katika mwinuko wa mji, kila pumzi unayovuta ina takribani asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Kariakoo. Mwili huzoea. Huongeza chembe nyekundu za damu, hubadili namna ya kupumua, na baada ya wiki kadhaa mgeni anatembea kama mwenyeji. Hata hivyo, kilomita tano za Sumbawanga haziwi sawa na kilomita tano za pwani, na hazitakuwa sawa hata ukikaa huku miaka 20.

Naanza na hewa kwa sababu ni kazi ambayo mwili unaifanya bila sisi kuiona, na wakimbiaji wengi wa huku hawaiweki kwenye hesabu. Wasiohesabu hewa hawahesabu pia usiku walioamka mara tatu kwa ajili ya mtoto mwenye homa, wala marejesho ya kikoba ya Ijumaa, wala magunia ya mahindi yaliyo stoo yakisubiri bei. Wanavaa raba saa kumi na moja alfajiri, wanakimbia kwa nguvu zote, na baada ya mwezi mmoja wanashangaa kwa nini wamechoka kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza mazoezi.

Ushauri wangu wote unatoka hapo. Mwili hauna nguvu za kazi upande huu, nguvu za kuwaza upande ule na nguvu za mbio mahali pengine. Nguvu ni zilezile. Zilizotumika shambani, ofisini, au kitandani ukiwa macho hadi saa tisa usiku, hazipo tena barabarani asubuhi. Anayetaka kukimbia kwa miaka mingi bila kuumia wala kuchukia mbio lazima kwanza ahesabu uchovu alio nao, ndipo apange.

Watu wengi huanza kukimbia wakiwa tayari wana msongo wa mawazo. Daktari amewaambia presha imepanda, au rafiki amewaambia mazoezi yanatuliza kichwa. Wote wawili wamesema kweli. Mtu akikimbia taratibu kwa nusu saa, presha yake hushuka kwa saa kadhaa baadaye, usingizi wake huwa mzito zaidi, na mawazo yaliyokuwa yakizunguka palepale hupata nafasi ya kutulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Hilo sipingani nalo hata kidogo.

Lakini tazama kinachotokea ndani. Unapokimbia kwa kasi, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unadunda, sukari inaingia kwenye damu, tumbo linapunguza kazi yake. Sasa fikiria mtu aliyechukua mkopo wa kausha damu, anapigiwa simu kwamba mkopeshaji yuko njiani kuja kuchukua televisheni. Tezi ni hizohizo, homoni ni hizohizo, na moyo ni huohuo. Tofauti ni kwamba mbio zina mwisho: unafika nyumbani, unaoga, unakunywa uji, mwili unatulia na kujijenga upya. Deni halina mwisho wa namna hiyo. Unalala nalo na kuamka nalo. Ukiongeza mbio kali juu ya hofu ya namna hiyo, siku baada ya siku, mwili haupati hata saa moja ya kutulia, na mazoezi yaliyokuja kama dawa yanageuka sehemu ya ugonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukimbie kilomita ngapi, jiulize wiki yako ina nini.

Chukua mama anayelima Mpui au Laela mwezi wa Desemba. Jembe la mkono ni kazi nzito kwa moyo na misuli, na palizi haisubiri. Dakika zake 150 za wiki amezimaliza Jumatatu, na bado hajachota maji wala kuokota kuni. Mtu anayemwambia mama huyu akimbie jioni ili apate afya anamdhulumu. Anachohitaji ni kulala mapema, kula vizuri, kunyoosha mgongo, na mtu wa nyumbani wa kumpokea ndoo. Sisemi mkulima asikimbie kamwe. Agosti, mahindi yakiwa yameshavunwa na kupukuchuliwa, anaweza kukimbia na akazifurahia mbio hizo kwelikweli. Desemba apumzike, na asione aibu.

Mtumishi wa halmashauri anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi ana shida tofauti. Miguu yake haijafanya kitu, kichwa ndicho kilichochoka. Huyu mbio zinamfaa sana, ila ajue kwamba uchovu wa akili hufanya mwendo uleule uonekane mzito zaidi. Siku ya kufunga hesabu za robo mwaka asijipime kwa saa. Atoke, aende taratibu, arudi.

Dereva wa bodaboda hudhaniwa amekaa tu. Ukweli ni kwamba mgongo wake umetikiswa siku nzima, mabega yamekaza, macho yamekodolea barabara, na kichwani anahesabu kama pesa ya tajiri imetimia. Kwake dakika 20 za mwendo mwepesi, zikifuatwa na kunyoosha mgongo na nyonga, zina faida kubwa kuliko saa nzima ya mbio. Naye muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, namsihi asipitie uwanjani. Alale kwanza. Akiamka mchana akiwa na hamu ya kukimbia, akimbie.

Sasa mwendo. Jambo hili ndilo linaloharibiwa na watu wengi, nami nalisisitiza kuliko yote: mnakimbia haraka mno. Vijana wanaojiandaa kwa usaili wa jeshi au polisi ndio wanaoongoza, na watu wazima wa miaka 45 wanajaribu kuwafuata.

Mwendo sahihi tulifundishwa tukiwa shule ya msingi, kwenye mchakamchaka. Mmoja anatangulia na kuanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na kundi zima linakwenda kwa hatua moja kuzunguka kijiji kabla ya masomo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lina mchakamchaka wake, na klabu za jogging za Dar es Salaam zinaimba hivyohivyo barabarani mwishoni mwa wiki. Kiongozi akizidisha kasi, wimbo unakatika. Hicho ndicho kipimo, na hakihitaji saa ya bei ghali. Kama unaweza kuanzisha na kuitikia bila kukatika, uko kwenye mwendo unaojenga moyo na kutuliza akili. Kama unaweza kutoa neno mojamoja tu, umeshavuka. Huku kwetu wimbo unakatika mapema kuliko pwani kwa sababu ya hewa, na vilima vya kuelekea Mbizi vitaukata mapema zaidi. Kubali, punguza, na penye mwinuko mkali tembea. Kutembea kilimani si kushindwa.

Anayedhani mwendo huo ni wa wazee aende Iten, kule Kenya, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,400. Atawaona wanariadha wenye majina duniani wakianza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao yeye mwenyewe angeweza kuufuata kwa dakika kadhaa. Siku ya kasi wanakwenda kasi ya kutisha, lakini sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni nyepesi, na mchana wanalala. Sisi tunaona medali, hatuoni usingizi wa mchana.

Kwa anayeanza leo, siku tatu kwa wiki zinatosha, zisizofuatana. Toka kwa dakika 30. Tembea dakika kumi za kwanza ili mwili upate joto, kisha kimbia dakika moja na kutembea mbili, urudie mpaka muda uishe. Wiki hadi wiki punguza kutembea, ongeza kukimbia. Baada ya miezi miwili hadi mitatu wengi huweza kukimbia nusu saa nzima bila kusimama. Ukifika hapo, kaa hapo kwanza. Usiongeze umbali na kasi kwa wakati mmoja. Mifupa na kano huchelewa kujiimarisha kuliko moyo na mapafu, ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi ya kutosha huku ugoko na kifundo cha mguu vikilalamika. Anayeumia ugoko kila akikimbia apumzike wiki moja au mbili, aangalie kama raba zake zimekwisha soli, arudi taratibu.

Ratiba hiyo isiwe ileile mwaka mzima. Maisha ya Ufipa yana msimu, hata kwa mtu wa mjini. Mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, na humo ndimo kuna kupanda, kusaka mbolea ya ruzuku, palizi, na Januari ya sare na michango ya shule. Mavuno yanakuja kuanzia Mei, pamoja na baridi kali ya Juni na Julai. Halafu kuna miezi ya kuuza, ambapo kila nyumba inasikiliza bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na ya wafanyabiashara binafsi. Mwenye busara ataweka mazoezi yake makubwa kwenye miezi ambayo maisha yamelegea, na kwenye miezi mizito atabaki na mbio fupi mbili kwa wiki za kumtuliza tu. Kama unataka kushiriki mbio kubwa kama za Tulia Marathon, Mbeya, angalia kwanza wiki nane za mwisho za maandalizi zitaangukia wapi kwenye maisha yako. Zikiangukia kwenye kuvuna na kusafirisha mahindi, chagua mbio fupi kuliko uliyoipanga, au subiri mwaka ujao.

Wazee wa Ufipa walikuwa na ujuzi wao wa kupumzisha kinachozaa. Mvua zilipoelekea kwisha, waligeuza udongo na majani yake, wakayafukia kwenye vituta vya mviringo na kuyaacha yaoze. Maharage yalipandwa juu ya vituta, na mvua za msimu uliofuata zilipokuja, vituta vilisambazwa ndipo ukapandwa ulezi. Mpita njia angeona shamba limekaa tu, kumbe miezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza rutuba. Misuli hufanya kazi hiyohiyo. Mbio huichana kidogo, na kuimarika kwake hutokea siku ya pili na ya tatu, ukiwa umelala, umekula, umekaa. Asiyeipa siku hizo anavuna anachokipanda kabla hakijaota.

Nina desturi ninayopenda kila mkimbiaji aijaribu. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Fanya hivyo kwa wiki mbili za kawaida mpaka ujue kiwango chako. Siku utakayokuta yamezidi kwa mapigo kumi hivi, mwili unapambana na jambo fulani: ugonjwa unaokuja, usingizi uliokosekana, hofu, au mazoezi ya juzi ambayo hayajaisha mwilini. Siku hiyo tembea tu, au rudi kulala. Kuna dalili nyingine zisizohitaji kuhesabu: hasira kwa watoto bila sababu, kukosa usingizi ingawa umechoka, hamu ya chakula kupotea, mafua yasiyokwisha, miguu mizito hata baada ya kupumzika. Mwanamke akikosa hedhi kwa miezi kadhaa tangu azidishe mazoezi, na si mjamzito, aende hospitali na apunguze mbio mara moja. Hizo si dalili za uvivu na hazitibiwi kwa kujikaza.

Neno hilo la kujikaza linanipeleka kwa John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anajua habari zake: Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mji ulio juu kuliko Sumbawanga, alianguka na kuumia goti, akaendelea na marathoni hadi akafika uwanjani akiwa wa mwisho, wengi wakiwa wameshaondoka. Ni heshima ya taifa na itabaki hivyo. Lakini nimesikia kisa hicho kikitumiwa kumhimiza mtu mwenye goti lililovimba akimbie asubuhi ya kawaida katika mtaa wa Chanji. Hayo ni matumizi mabaya ya kisa kizuri. Akhwari alikuwa kwenye siku moja aliyokuwa ameiandalia kwa muda mrefu, na bendera kifuani. Wewe una kesho, na keshokutwa, na watoto wa kuwasomesha. Goti likivimba, pumzika.

Kwa maisha yetu ya kila siku napenda zaidi mfano wa Alphonce Simbu. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia London. Dhahabu ilikuja Septemba 2025, Tokyo, miaka minane baadaye, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Katikati ya medali hizo mbili zilipita Olimpiki mbili alizorudi bila medali. Miaka minane ya kufanya mazoezi bila kuuharibu mwili ndiyo ninayoitazama kwa heshima kubwa.

Turudi kwenye barabara zetu, maana kila moja ina mambo yake. Lami ya kwenda Tunduma, ya Mpanda na ya Matai ni nzuri kwa miguu, lakini malori na mabasi ya alfajiri hayana subira. Kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokuja, na uvae nguo nyeupe au ya rangi kali. Uwanja wa Nelson Mandela na viwanja vya shule vinafaa zaidi kwa anayeanza. Milima ya Mbizi ni mahali pazuri kuliko pote nilipopajua pa kukimbia na kupumzika kwa pamoja: kuna hewa baridi, kuna vyanzo vya maji, na msituni kuna mbega wekundu. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, basi uliza utaratibu kabla ya kuingia, usiende peke yako, na usigeuze matembezi ya huko kuwa mashindano.

Mteremko wa kwenda Muze naomba uuogope. Kutoka Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa barabara inashuka zaidi ya mita 900. Kushuka hudanganya, kwa sababu pumzi inatosha na mtu anajiona shujaa, huku mapaja yakichanika kwa kila hatua ya kujizuia. Kesho yake hawezi kukaa kwenye kiti bila kushika meza. Chini kuna joto, na malaria ni nyingi kuliko huku juu. Aliyetoka bondeni, au Kirando kando ya Ziwa Tanganyika, akajisikia homa asikimbie ili atoe jasho. Apime. Akigundulika ana malaria amalize dawa, arudi kwa kutembea kwanza, na mbio zisubiri mpaka nguvu zirudi kabisa.

Kuna radi pia. Najua radi inazungumzwa kwa namna nyingi mkoani kwetu, nami sitaingia kwenye mjadala huo, maana kwa mkimbiaji kanuni ni moja. Ukisikia ngurumo, tayari uko mahali ambapo radi inaweza kukufikia. Ingia kwenye nyumba imara au kwenye gari lililofungwa, usijikinge chini ya mti, usibaki kilimani wala katikati ya uwanja. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Mvua za mchana ni za kawaida kuanzia Desemba, kwa hiyo msimu huo kimbia asubuhi.

Juni na Julai ni kinyume chake: alfajiri ni baridi mno, na hewa baridi na kavu huamsha pumu kwa walio nayo. Hakuna sheria inayosema mazoezi ni lazima yawe saa kumi na moja. Toka saa moja au jioni mapema, vaa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, funika kichwa. Septemba na Oktoba vumbi na upepo huongezeka kadiri mchana unavyosogea, na hapo ndipo alfajiri inapofaa.

Wanawake wa mji huu wanakimbia zaidi siku hizi, na nafurahi sana, lakini bado wanapigiwa miluzi na kuulizwa wanamkimbilia nani. Mwanamke anayetafuta nusu saa ya kutuliza kichwa anarudi nyumbani na msongo mpya. Wanaume tunaojiita waungwana tuwakemee wenzetu papo hapo, tusicheke. Na ninyi akina dada, nendeni wawili au watatu, mjue nani yuko nyuma. Kundi lina faida nyingine: linazuia kasi, na linatoa mahali pa kuzungumza yale ambayo nyumbani hayasemeki.

Chakula sitakizungumza sana kwa sababu cha kwetu ni kizuri, tatizo ni kukila pungufu. Uji wa ulezi asubuhi, ugali na maharage mchana, dagaa au migebuka ya Ziwa Tanganyika inapopatikana, mboga za majani kila siku. Usikimbie huku unajinyima ili upungue haraka, mwili ulio kwenye mwinuko na kwenye msongo hauna cha kujinyima. Chai ya majani inywe mbali na mlo, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na bila chuma cha kutosha hizo chembe nyekundu za damu tunazozihitaji huku juu hazitengenezwi inavyopasa.

Kuhusu kupumzika nina mengi, kwa sababu watu wengi wanadhani wanapumzika. Mtu anarudi kazini, anajilaza kwenye kochi, anafungua simu, na kwa saa mbili anasoma ugomvi wa watu asiowajua na picha za marafiki waliojenga. Miguu imelala, moyo haujalala. Mwingine anakwenda kilabuni. Pombe humletea usingizi wa haraka, kisha inamwamsha saa nane usiku kinywa kikiwa kikavu na mawazo yote yakimsubiri. Pumziko la kweli linajulikana kwa jinsi unavyojisikia baada yake. Kwa mmoja ni mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni, kwa mwingine ni kucheza bao barazani, kumwagilia bustani, kuswali na kukaa msikitini kidogo kabla ya kurudi nyumbani, au kumsikiliza bibi akisimulia. Chagua lako na uliwekee muda kama unavyouwekea muda mkutano.

Usingizi ndio mkubwa wao wote. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na baridi ya Sumbawanga ni rafiki wa usingizi kama una blanketi la kutosha na simu iko chumba kingine. Siku ambayo lazima uchague kati ya saa ya mwisho ya usingizi na mbio za alfajiri, huku umelala saa tano tu, chagua usingizi bila kujilaumu. Na kabla ya kulala, au baada ya mbio ukiwa umekaa chini, pumua kwa makusudi dakika tano: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Haina gharama, na unaweza kuifanya hata kwenye foleni ya benki.

Baada ya yote hayo, kuna mipaka ambayo mbio haziwezi kuivuka. Mbio haziwezi kulipa mkopo. Mtu anayekimbia kila asubuhi ili asifikirie deni anarudi nalo nyumbani likiwa na siku moja zaidi ya riba. Tumia utulivu unaoupata barabarani kufanya lile unaloliogopa: kaa na mwenzako mwandike madeni yote kwenye karatasi, nenda kwa mkopeshaji kabla hajaja, zungumza na kikoba kuhusu kupunguza marejesho, uza kitu kimoja kwa hiari kabla havijachukuliwa vitatu kwa nguvu. Ugomvi wa nyumbani ni vivyo hivyo. Kilomita kumi zitakupoza hasira ili uzungumze vizuri, lakini mazungumzo yenyewe ni lazima yafanyike.

Na kuna uchovu ambao si wa mbio wala wa kazi. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hufurahii hata yale uliyoyapenda, huli au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani, au umeanza kufikiri kwamba heri usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa kama presha, una matibabu, na haumaanishi kwamba imani yako ni ndogo au kwamba umerogwa. Mazoezi mepesi husaidia matibabu, lakini hayachukui nafasi yake. Usisubiri mpaka uwe na nguvu za kukimbia tena. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Sumbawanga, eleza kila kitu kama nilivyokiandika hapa, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize. Nenda wiki hii.